Tadjidine wa Mutsamudu na Suti ya Mume Wangu

Jumamosi, 15 Machi 2008. Moroni.
Asubuhi mvua, kisha jua kali, kisha mvua tena. Haina msimamo, kama mume wangu.

Siku ya tisini na sita bila neno la Selestini. Alikwenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kuchomelea vyuma bandarini, kazi ya wiki mbili. Mara wakubwa wa kisiwa kile hawataki kusikia la serikali ya hapa Moroni, meli zikakoma, simu ya nyumba aliyopanga ikafa. Sawa. Lakini mtu mzima mwenye mikono miwili ashindwe kweli kupeleka salamu? Nina hasira tangu Krismasi.

Na sasa Klementina. Binti yangu, miaka kumi na mitatu, kila siku akitoka katekesi anaingia kwenye intaneti kafe ya mzee Rachadi. Leo amerudi macho mekundu. Nimemuuliza anaandikiana na nani. Na rafiki. Rafiki gani? Rafiki tu, mama. Nimesoma sekondari kwa masista Ndanda. "Rafiki tu" naijua.

Jirani yangu Moinahalima, aliyezaliwa Zanzibar na hawezi kupitisha siku bila kukicheka Kiswahili changu cha bara, amepaza sauti juu ya ukuta wa ua: Mama Klementi, mwanao kapata mchumba ndani ya kioo cha Rachadi! Amecheka mpaka leso ikamwanguka. Nimetamani iangukie kwenye jiko lenye moto.

Jumapili, 16 Machi. Matawi. Mawingu mazito.
Padre amehubiri kuhusu wazazi wanaowaacha watoto wazurure mitandaoni. Kanisani tulikuwa hamsini. Alinitazama mimi.

Nina mpango. Siwezi kumfuata mtoto kila mahali, ila naweza kumtangulia. Nitakuwa kijana. Nitamwandikia. Akijibu kijinga, nimemkamata.

Malipo ya kompyuta nimeyapata bila kugusa pesa ya chakula. Mabaki ya mishumaa ya sakristia, yaliyokuwa yatupwe, nimeyayeyusha kwenye kopo la nyanya. Utambi nimesokota kwa fulana ya Selestini. Umeme wa Moroni unakatika kila leo, Rachadi hawezi kukataa. Anwani ya mtoto nimeikuta nyuma ya daftari lake la katekesi, chini kabisa ya Amri ya Nne. Waheshimu baba na mama!

Jumatatu, 17 Machi. Joto.
Rachadi alikataa. Alifanya kazi posta miaka thelathini na hajafungua barua ya mtu. Nikamwambia siombi kufungua, naomba kuandika. Alifikiri sana. Akapokea mishumaa sita, na akakubali kuninyooshea Kifaransa changu cha sokoni.

Nimejiita Tadjidine, miaka kumi na mitano, wa Mutsamudu. Nimechagua Mutsamudu kwa sababu hakuna meli: mtoto hawezi kudai waonane. Akili!

Jumanne, 18 Machi. Mvua ya asubuhi.
Amejibu! Kurasa mbili! Nilianza kusoma huku nikiwa nimeshavua kandambili moja tayari kwa kazi.

Hajauliza Tadjidine anafananaje. Ameuliza kama anaweza kushuka bandarini. Ameandika: Baba yangu anaitwa Selestini, Mmalagasi, mrefu, ana kovu la moto kwenye kidole gumba cha kushoto. Tafadhali mtazame tu, uniambie kama yuko hai. Nimewaandikia watu thelathini na mmoja wa Mutsamudu, wewe ndiye wa kwanza kuniandikia. Mama anasema ana mafua, lakini namsikia akilia akioga.

Nimelia lini? Ni sabuni ile.

Rachadi alikuwa akitazama ukuta. Nikavaa kandambili.

Nimerudi nyumbani na hasira isiyo na pa kukaa, basi nimeipeleka kwa mwenyewe. Nimetoa suti ya harusi ya Selestini, ile ya kijivu. Kama haandiki, harudi. Kama harudi, suti ya nini? Suruali imetoa sketi ya Pasaka ya Klementina. Koti limetoa kizibao. Mifuko imetoa vishikio viwili vya sufuria. Hakuna kilichopotea.

Jumatano, 19 Machi. Jua.
Tadjidine amejibu. Sikupanga. Vidole vilitangulia. Nimemwona baba yako, mzima, kanenepa. Anamsalimu mama yako kuliko watu wote, na anakiri kwamba amemkosea. Vaa fulana ya ndani wakati wa mvua na usisahau rozari.

Rachadi akauliza kwa upole ni kijana gani wa Mutsamudu anayekumbusha watu rozari. Nikafuta, nikaandika sala.

Saa kumi Klementina aliingia anakimbia, akanikumbatia mpaka kopo la nta likamwagika. Mama, baba mzima! Kanenepa! Akaongeza kwamba huyo Tadjidine anaandika kama katekista, lakini ana moyo mzuri.

Naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu: habari niliyoitunga mwenyewe imenishusha pumzi. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 20 Machi. Upepo kidogo.
Alhamisi Kuu kwetu, Maulidi kwao. Mtaa mzima kanzu nyeupe na udi. Moinahalima ameleta sahani ya wali na nyama, iliyojaa kama mlima, na uso wa huruma. Nikajua kuna jambo. Kijana wetu Tadjidine, anasema. Wetu! Juzi alikuwa mchumba wa kwenye kioo! Moinahalima anamwomba kijana amtafutie dada yake, anayeishi ndani ya medina, ule mji mkongwe wa Mutsamudu, chini ya ngome. Mwezi wa tatu hajamsikia.

Kufika alasiri majirani wenye maombi walikuwa saba. Mmoja ana mama mgonjwa Patsy, juu kule mlimani. Nimefoka. Mtoto mmoja azunguke medina yote kwa miguu, apande mpaka Patsy, kwa siku moja, tena ya sikukuu? Watu hawana huruma!

Wakaniomba radhi. Wote saba.

Tadjidine amejibu kwamba wote wazima. Uongo mara saba, siku ya Alhamisi Kuu.

Ijumaa, 21 Machi. Mawingu.
Nimeungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa toba: mwambie mtoto ukweli.

Hakusema lini.

Jumapili, 23 Machi. Pasaka. Jua safi.
Sketi imesifiwa. Mama mmoja wa kwaya ameuliza kitambaa hicho kinauzwa wapi. Nimesema hakiuzwi. Klementina amemwombea Tadjidine kwa sauti. Nimeitikia amina kama wengine.

Jumanne, 25 Machi. Mvua tangu alfajiri.
Redio: wanajeshi wameshuka kisiwani kule. Bunduki Mutsamudu.

Nilimtafuta Klementina nimshike. Nikamkuta anakunywa chai. Usiogope mama, Tadjidine yuko pale. Moinahalima naye akaja kunifariji kwa maneno hayo hayo, akanishika mkono.

Mchana nikafungua barua ya mtoto. Tadjidine, mchukue baba nyumbani kwenu. Mfiche chini ya kitanda. Hataki kuwasumbua watu, atakataa, basi mvute. Nakutegemea wewe.

Chini ya kitanda gani? Hakuna kitanda. Hakuna nyumba. Hakuna mtu pale isipokuwa Selestini peke yake, na mimi ndiye niliyemwambia mtoto alale bila hofu.

Sikuwa na mpango. Nimeandika miaka kumi na moja katika madaftari haya na sijawahi kuandika sentensi hiyo. Nilikaa mbele ya kioo cha Rachadi nikilitaja jina la mume wangu, mpaka umeme ukakatika. Rachadi akawasha mshumaa wangu mmojawapo. Unatoa moshi sana.

Alhamisi, 27 Machi. Jua kali, mbingu tupu.
YUKO HAI.

Barua imekuja kwa Klementina kutoka kwa Loutfia, karani wa bandarini Mutsamudu, mmoja wa wale thelathini na mmoja, ambao mtoto aliwaandikia tena juzi akimtaja Tadjidine. Selestini amesema, yeye ameandika. Mimi mzima. Nimekonda. Nani kasema nimenenepa? Huyo Tadjidine simjui, hajafika mtoto yeyote hapa. Klementina, usiandikiane na watu usiowajua. Mwambie mama yako aianike suti yangu juani, isiliwe na nondo, maana nitaivaa siku nikishuka melini. Na asinisamehe haraka, namjua.

Nimeisoma mara tisa. Mafua yamenizidi.

Klementina akaniuliza, sasa Tadjidine ni nani? Alinitazama machoni. Toba ilikuwa papo hapo, imeiva, ya kuchuma tu. Nikamwambia nimesikia kwa Rachadi kwamba kijana yule jana kapanda kwasa, boti ndogo ya kuvukia kwa siri, kaenda Mayotte. Mtoto akalia. Ametoa nia ya Misa ya Jumapili kwa ajili ya Tadjidine aliye majini. Padre amepokea, akanitazama.

Lakini huyo Loutfia! Chini ya barua ameongeza lake: Baba Selestini ni mtu mpole sana. Mpole! Nimeishi naye miaka kumi na minne sijauona upole huo. Kajuaje karani? Na kwa nini alijibu yeye, kati ya thelathini na mmoja?

Saa kumi nimempelekea Rachadi mishumaa minane. Alishusha pumzi kama mtu anayepandishwa mlima. Tumemwandikia Loutfia. Naitwa Abdoulhamid, miaka arobaini, mgane, mfanyabiashara wa Itsandra, natafuta mke mwenye tabia njema. Akijibu, hana haja na wangu. Asipojibu, nimemkamata. Na hawezi kudai tuonane: meli bado hazijaanza. Akili!

Jioni nimejaribu kurudisha mfuko mmoja wa suti, ule wa kushikia sufuria, kwenye kizibao. Unanuka wali ulioungua. Nalala sasa, saa tatu kasorobo.