Ombi la Kubaki Mwenyekiti

Ndugu Mtendaji wa Kata,

YAH: MATUMIZI HOLELA YA CHEO CHA MWENYEKITI

Salamu kutoka Mtaa wa Mikorosho, Chanika, ambako mvua imeharibu barabara lakini adabu bado ipo, isipokuwa katika jambo hili moja.

Naitwa Erasmus Kagaruki. Unanifahamu: nimekuwa Mwenyekiti wa Mtaa huu miaka kumi na mitano, mpaka uchaguzi uliopita ulipotokea. Barua hii naileta kwako moja kwa moja bila kuipitisha ofisi ya mtaa, kwa sababu utakazoziona.

1. Mwenyekiti, kwa maana yake, ni mtu anayefungua kikao, anayegawa nafasi za kusema, na asiyeambiwa kuwa muda wake umekwisha. Maana hiyo niliilinda kwa jasho. Katika vikao vyangu tuliweza kumaliza saa tatu nzima tukiwa bado kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, na waliobaki ukumbini walikuwa wachache lakini watiifu.

2. Sasa cheo kimeshuka thamani. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda vijana humwita kila apitaye mwenyekiti. Mchoma mahindi ni mwenyekiti. Mfyatua tofali ni mwenyekiti. Juzi nimesikia kwa masikio yangu mbuzi dume aliyelala barabarani akiambiwa, "Mwenyekiti, tupishe basi sie tupite." Nauliza kwa heshima: mbuzi yule aliongoza kikao gani?

3. Katika wote hao, mimi peke yangu siitwi. Vijana wakiniona wanashusha sauti na kusema, "Shikamoo mzee wetu." Nadhani wanaogopa kunitonesha, wasijue kwamba kinachonitonesha ni huko kuogopa kwao. Hata mke wangu, Mama Monica, ambaye miaka yote alikuwa akisema, "Mwenyekiti, karibu mezani," siku matokeo yalipobandikwa alisema, "Baba Monica, ndizi zinapoa." Niliumia, sikufichi.

4. Bi Hamisa Mbwana, muuza vitumbua aliyenishinda kwa kura arobaini na moja, anaitwa Mwenyekiti mchana kweupe. Vikao vyake vinaisha kwa saa moja. Watu wanahudhuria. Kina mama wanasema kabla hata ajenda hazijasomwa, na mtaro tulioujadili enzi zangu kwa miaka tisa umechimbwa ndani ya wiki mbili. Mtaro ukishachimbwa, kikao kijacho kitajadili nini?

Kwa hiyo naomba lifunguliwe daftari la wanaoruhusiwa kuitwa Mwenyekiti, mbuzi wasiwemo. Aliyewahi kukishika cheo abaki nacho mpaka kufa, kama mwalimu mstaafu anavyobaki mwalimu. Bi Hamisa aitwe Msimamizi wa Mikutano hadi uchaguzi ujao, ambao nina imani nao. Na kama hayo yote ni mazito, basi litoke agizo dogo tu: kila Jumatatu asubuhi nikipita kijiweni, kijana mmoja, hata kwa zamu, aniite Mwenyekiti mara moja.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie watumishi wote wa kata, mlinzi wa getini, na Bi Vaileth wa masjala, ambaye najua ataipokea barua hii bila maswali.

Wako mtiifu,
Erasmus Kagaruki
Mwenyekiti (hadhi ya maisha, nikisubiri kibali chako)

Nyongeza: Bi Vaileth ameikataa. Amesema, "Mzee wangu, barua ya mwananchi lazima igongwe muhuri na Mwenyekiti wa Mtaa. Si wewe mwenyewe uliyekuwa unatukataza kupokea zisizo na muhuri wako?" Ni kweli. Hata Bi Hamisa, alipohitaji barua ya shule ya mwanawe, nilimrudisha mara nne kabla ya kumgongea muhuri. Basi nimekwenda ofisini kwake. Akanikaribisha kitumbua, akaisoma barua yote, kuanzia mtaro hadi Msimamizi wa Mikutano, akagonga muhuri bila kunirudisha hata mara moja. Akanikabidhi kwa mikono miwili: "Tayari, Mwenyekiti." Nikajibu, "Ahsante, Mwenyekiti." Neno lilinitoka kabla sijalizuia, na wala halikuuma. Hivyo barua hii iweke kwenye kumbukumbu tu; maombi yangu yote nayafuta, isipokuwa lile la mbuzi.