Uyoga wa Mama Mkwe

Jumapili, 4 Aprili 1971
Mvua, matope mpaka mlangoni. Mama mkwe hali tena. Uji anarudisha, ndizi hataki hata kuiona. Leo amesema anatamani uyoga tu, ule mdogo mweupe wa kichaka cha nyuma ya nyumba. Atakayemletea, atambarikia mtoto wake kabla hajafumba macho. Mimi nimezika wawili. Amebaki Kemuma, naye anakohoa.
Nikakimbia kichakani. Wapi! Nyanchera, mke wa shemeji, alichuma wote jana, sisi Wasabato tukiwa kanisani. Mkatoliki huyo, Sabato kwake ni siku ya kuchuma. Nikamwambia hana haya. Akanijibu eti uyoga hauna dini.

Jumatatu, 5 Aprili
Nimepata akili! Kichaka kimejaa uchafu: majani yaliyooza, magogo, vijiti. Uyoga utapata wapi pa kutokea? Nimefagia chote, kikawa cheupe kama uwanja wa kanisa. Magogo nimepasua kuni. Majani nimeyatupa ng'ambo ya ua, upande wa Nyanchera. Ahangaike nayo yeye! Mgongo unauma vibaya, lakini moyo umetulia.

Jumapili, 11 Aprili
Kichaka kisafi. Uyoga hakuna hata mmoja.
Nikamweleza mama mkwe nilivyofagia, nikijua atanisifu. Akashika kichwa. Akasema wale wadogo ndio wafagiaji wenyewe. Wanakula jani lililoanguka na gogo lililokufa, wanageuza udongo, miti inashiba. Nimewanyang'anya chakula, watamlisha nani?
Maskini mama. Homa imempanda kichwani. Nimemfunika blanketi la pili.
Kesho nitafagia tena. Pengine sikufika kwenye mizizi.

Jumatano, 14 Aprili
Nimefika kwenye mizizi. Bado. Kemuma amekohoa usiku kucha.

Jumanne, 20 Aprili
Wizi! Uyoga umejaa ng'ambo ya ua, juu ya rundo la majani yangu. Majani yangu mwenyewe! Nyanchera anachuma huku anaimba. Amempikia mama mkwe, na mama mkwe amemaliza bakuli. Nililia nyuma ya jiko, nikaona baraka ya mwanangu imekwenda.
Kisha nikaitwa. Nyanchera amembeba Kemuma mpaka kitandani. Anamwambia mama kwamba majani ni ya mama Kemuma, kwa hiyo mtoto huyu aanze, wake watafuata. Ule mkono mkavu ukakaa kichwani pa mwanangu muda mrefu.
Sijui Nyanchera ana njama gani.

Ijumaa, 23 Aprili
Mama ametuacha alfajiri. Kemuma ananiuliza bibi ataamka lini.
Nyanchera anasema marehemu alimwagiza apande mti kando ya kaburi, aweke na majani yaliyooza, wale wadogo wapate kula. Mbona mimi sikuagizwa?

Jumapili, 2 Mei
Nimekwenda kumwona mama. Aibu! Kaburi zima majani yaliyooza, na mche wa Nyanchera umesimama katikati ya uchafu huo. Watu wa kanisani wakipita watasema mama hakuwa na mkaza mwana.
Nimekaa chini nikamlilia. Nikamwambia Kemuma analala vizuri sasa, amekula viazi viwili.
Kisha nikachukua ufagio. Nimefagia mpaka udongo mtupu ukaonekana. Pale kwenye shina la mche palikuwa pameanza kuchomoza vitu vidogo vyeupe, vingi. Navyo nikavifagia.
Mama sasa amelala pasafi.