Ndoo Moja Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amefungwa plasta mguu wa kushoto, kuanzia kwenye kidole mpaka juu ya goti. Wiki sita. Aliteleza bafuni kwenye maji ya bomba linalovuja. Bomba hilo mimi, fundi mstaafu wa idara ya maji, nimekuwa nikiahidi kulitengeneza kesho tangu mwaka jana. Hayo nayaandika humu tu. Kwa watu nimesema ni sabuni.

Dada yake kapiga simu. Tunamwita Matroni, maana aliongoza wodi ya wanawake miaka ishirini, na hata leo akiingia sebuleni kwako unajikuta umekaa wima. Kasema Jumamosi ya tarehe 22 anakuja na gari, amchukue mdogo wake akamuuguze kwake. Kwake kuna bustani mbele ya dirisha. Kwetu kuna ukuta. Kasema mgonjwa hawezi kukaa wiki zote hizo anatazama ukuta na shemeji. Ukuta kautaja kwanza.

Nikamuuliza mke wangu anataka kwenda? Akasema ataona. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hiyo "nitaona" yake sijaishinda hata mara moja.

Nimezunguka nyumba mara sita. Mimi nikibaki peke yangu humu ndani nitazungumza na nani, kabati?

Sawa. Kama ni bustani, nitaileta. Ndani ya nyumba. Tena yenye samaki.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa meno wa mtaa wa nyuma anahama. Kwenye chumba chake cha kusubiria kulikuwa na tangi la kioo la samaki, futi sita kwa mbili. Nimemzibulia sinki, kanipa tangi, taa zake na mashine ya kuchujia maji. Tangi lililowatuliza watu wanaosubiri kung'olewa jino litashindwaje kumtuliza mwanamke mmoja?

Nilipima tangi. Nikapima ukuta. Nikapima benchi la chuma nililounga mwenyewe kwa mabomba ya zamani. Kona ya ukumbi sikuipima. Wanaume wanne niliowaita kubeba wakasimama pale na tangi mikononi, hawaendi mbele hawarudi nyuma, na mmoja wao akaniuliza, mzee, hii nyumba ulijengewa au ulishonewa?

Tumeling'oa dirisha. Tangi limeingia. Mke wangu kaangalia yote kutoka kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Mwishoni kauliza kama dirisha litarudi kabla ya mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Dirisha limerudi. Limepinda kidogo, lakini kuna watu wazima wengi waliopinda na wanaishi vizuri.

Nimekwenda kwa Mama Samaki, mwenye duka la samaki wa mapambo. Mwanamke mnene, mpole, haongezi mwendo hata ukimwambia nyumba inaungua. Kanipa udongo mweusi wa kutandika chini, changarawe ya kufunika juu yake, gogo moja lenye matawi, na mimea kwenye mifuko ya plastiki. Mingine mirefu ya nyuma, mingine nyasi fupi za mbele, na mmoja wa majani magumu haupandwi kabisa, unafungwa kwenye gogo kwa uzi.

Kanipa na masharti. Weka sahani juu ya changarawe, maji yamwagikie kwenye sahani taratibu. Maji ya bomba yana dawa, yatie matone haya kwanza. Halafu subiri wiki nne ndiyo uje uchukue samaki.

Nikamwambia nina wiki mbili. Akasema samaki hawana kalenda. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini mimi nimewaona wavumilivu wengi wakila zilizooza.

Nimepanda kila kitu kabla ya adhuhuri. Mke wangu alinielekeza kwa fimbo yake ya kutembelea: ule sogeza kushoto, ule usiuzike hai. Kwa kweli ilipendeza. Sahani sikuweka, sahani ni ya chakula. Nikafungua mpira wa maji mpaka mwisho.

Udongo ulipanda juu kama moshi wa lori bovu. Nyasi zikaelea. Gogo likaelea. Tope tupu, futi sita kwa mbili.

Mke wangu kasema bustani ya dada yake ni kweli haina samaki, lakini angalau mtu anaiona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwaga yote. Nimepanda upya. Nimeweka sahani, ile yenye maua, ya wageni. Maji safi. Gogo nimeligandamiza chini kwa jiwe.

Saa nane mchana nimeuhamisha mmea wa kushoto kwenda kulia. Saa tisa nimeurudisha. Saa kumi nimeupeleka katikati. Mke wangu kauliza kama mmea una kesi, mbona unahamishwahamishwa vituo.

Jumapili, 9 Machi

Maji yamekuwa meupe. Meupe kama maji ya kuoshea mchele. Huwezi kuona gogo.

Nimempigia Mama Samaki. Kasema ni vijidudu, tena vizuri, vinazaliana. Ndivyo vitakavyokula uchafu wa samaki baadaye. Kasema vikishiba na kutulia maji yatajing'arisha yenyewe. Kasema kazi yangu ni kukaa kwenye kiti.

Mimi nimetia dawa kwenye maji ya mji huu miaka thelathini na mitatu. Nimeua vijidudu visivyo na idadi. Nina cheti, kimetundikwa ukutani, kina muhuri. Leo nikae kwenye kiti niangalie vikizaa kwenye sebule yangu?

Nikamwambia mke wangu nitatoa ndoo moja tu. Nimetoa kumi na tisa. Weupe wa maji umepungua kidogo tangu asubuhi, na zulia limelowa.

Jumanne, 11 Machi

Meupe tena. Zimebaki siku kumi na moja. Sikai, sili vizuri. Nikikaa naona Matroni anapiga honi.

Mama Samaki kanihurumia. Kafungua mashine ya kuchujia ya tangi lake kubwa, katoa kipande cha sponji, kanipa kwenye mfuko, kakishika kwa mikono miwili kama mkunga. Kasema hicho kimekaa humo miaka minne, kimejaa vijidudu tayari, nikikiweka kwenye mashine yangu nitaokoa wiki nyingi. Kasema hampi kila mtu.

Nimefika nyumbani nikakitazama. Cheusi. Kinateleza. Kinanuka kama kiatu cha mlinzi. Nikajiambia mama wa watu ni mwema, lakini usafi hakufundishwa. Nimekichemsha dakika ishirini, nikakisugua kwa sabuni, nikakisuuza kwa maji yenye dawa. Kimetoka cha manjano, kipya kabisa.

Nimempigia kumshukuru na kumweleza nilivyokisafisha.   Akaomba azungumze na mke wangu.

Wamezungumza nusu saa. Mke wangu alikuwa anasema tu: ndiyo mwanangu, najua, ndivyo alivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Mbinu mpya. Mama Samaki hauzi samaki mpaka umpelekee maji ya tangi lako kwenye chupa. Anayatia matone ya kupimia uchafu, yakigeuka kijani anakufukuza, yakibaki manjano anakuuzia. Basi tatizo si tangi, ni chupa.

Nimeingia dukani na chupa tupu kwenye koti. Alipogeuka kumhudumia mteja, nikaichovya kwenye tangi lake la pembeni, lile lenye maji ya kung'aa. Nikafunga. Nikazunguka nikaja mbele kama natoka nyumbani, hata pumzi nikaivuta kwa nguvu.

Akaipokea. Akaiinua kwenye taa. Akaniuliza maji haya yametoka kwenye tangi langu la nyumbani? Nikasema naam, nimeyachota kwa mkono wangu. Akaniuliza tangi ambalo bado halina samaki? Nikasema halina hata mmoja, ndiyo maana nimekuja.

Akaniuliza sasa huyu anayenitazama ni nani.

Mtoto wa samaki, mdogo kama kipande cha uzi, macho mawili. Mteja yule alicheka mpaka akaegemea rafu. Mama Samaki hakucheka. Kasema, babu, rudi nyumbani ukakae.

Ijumaa, 14 Machi

Sikukaa. Maji yalikuwa meupe, nikaona nitoe ndoo moja tu. Kwenye ya saba kiuno kikalia kama mlango wa stoo. Nikabaki nimeinama sebuleni, ndoo mkononi, siwezi kuiweka chini wala kuinuka nayo. Mke wangu hawezi kusimama, mimi siwezi kusimama vizuri. Tukatazamana.

Kaivuta ndoo mkononi mwangu kwa mkunjo wa fimbo yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelazwa kwenye godoro sakafuni, mbele ya tangi. Jirani wa mlango wa pili anatuletea chakula, kisha anasimama mlangoni kutuangalia kama maonyesho.

Leo Mama Samaki kaja mwenyewe. Mke wangu alimwita. Kaja na sponji nyingine, nyeusi vilevile, kairuka miguu yangu, kaiweka sponji kwenye mashine. Nikasema nadhani ingeoshwa kidogo. Mama Samaki kaifunika mashine. Kachukua ndoo zangu zote mbili na mpira wa maji, kaviweka kwenye gari lake. Mke wangu kamshukuru kama aliyemtoa nyoka kabatini.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna la kuandika. Nimelala chali. Natazama tangi kwa sababu shingo haigeuki upande mwingine.

Mmea niliouhamisha mara nyingi umetoa jani. Mke wangu ndiye aliyeliona, limekunjwa kama karatasi ya barua, rangi ya kijani changa. Kasema jana halikuwepo. Pia kuna konokono mmoja, kaja amejificha kwenye nyasi za dukani. Anapanda kioo tangu asubuhi. Mke wangu kasema ndiye mwanamume wa kwanza humu ndani kumaliza kazi aliyoianza.

Maji yamepungua weupe. Sikuyagusa. Sielewi.

Mchana, wote wawili tumetulia, nikamwambia kuhusu bomba la bafuni. Ilinitoka tu. Akasema anajua. Akasema Matroni alipomuuliza ameanguka vipi, alimwambia ni sabuni.

Nimemtazama konokono muda mrefu baada ya hapo.

Jumamosi, 22 Machi

Matroni kafika saa nne na dakika moja, honi mbili. Kaingia. Nikajaribu kukaa wima nikapiga kelele. Kaniambia, shemeji, lala, hukuwa na adabu ulipokuwa mzima, huwezi kuianza leo.

Kisha akaliona tangi.

Macho yanapita kwenye maji toka kioo hadi kioo. Taa imewaka. Nyasi zimesimama. Mama Samaki alikuja jana, kapima, manjano, kaacha samaki sita wadogo wenye mstari wa buluu ubavuni, kasema hao ni wa kuanzia tu. Wanakwenda pamoja, wanageuka pamoja, utadhani wamepigiwa filimbi. Matroni kasimama na mkoba begani dakika nzima. Sijawahi kumwona anasimama bila kumwamrisha mtu.

Halafu akauliza begi la mdogo wake liko wapi.

 Nikafumba macho. Nikamsikia mke wangu anasema hajafunga begi, na hafungi. Dada yake akamuuliza kwa nini, ana raha gani hapa, na mtu mwenyewe yuko sakafuni? Mke wangu akasema, dada, jani lile litafunguka kesho au keshokutwa. Nikiondoka, huyu atalihamisha.

Matroni akanitazama mimi, akalitazama jani. Akasema kweli, mgonjwa huyu haachwi peke yake. Akavua viatu, akavuta kiti, na wakakaa mpaka saa kumi, wanahesabu samaki ambao ni sita.

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Kama nilivyosema tangu mwanzo, ilihitaji tu mtu mwenye ujuzi wa maji.

Jumatatu, 24 Machi

Kiuno kimepona. Nimetembea mpaka jikoni na kurudi mara nne bila fimbo.

Jani limefunguka. Mke wangu kalitazama asubuhi nzima, sasa kasinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Samaki wamelala chini ya gogo. Nyumba imetulia. Hata konokono kasimama.

Lakini nimelitazama tangi kwa jicho la fundi. Maji yana rangi kidogo. Si uchafu, ni rangi ya chai nyepesi, inatoka kwenye gogo. Mama Samaki kasema haina madhara, samaki wanaipenda. Haya. Samaki hawana cheti.

Na ule mmea, sasa umeshiba, ungekaa vizuri zaidi kulia.

Nitatoa ndoo moja tu. Mama Samaki alichukua ndoo mbili, lakini hajui ya bafuni, ile inayokaa chini ya bomba bovu. Nimeenda kuichukua kwa kunyata. Watu wanalisema vibaya bomba hilo. Mimi ndoo nimeikuta imeshajaa nusu, maji ya kurudishia tangini tayari.