Kiingilio cha Gofu Bunju

Siku Revelian alipoidondoshea machozi supu yake ya makongoro, Mudathir alikuwa meza ya pili katika hoteli hiyohiyo ya Kurasini, akinywa chai polepole kwa sababu bado hajajua nani atailipia.

Revelian alikuwa wakala wa forodha, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, na siku ile alikuwa anamlilia rafiki yake Benedikto, mwenye yadi ya makontena jirani.

"Bosi mwenye mizigo kaniambia, hayo tutayaongea Jumamosi, gofu. Nimefika getini, mlinzi ananiambia hapa pa wanachama, geuza gari. Nikageuza. Nyuma yangu foleni ya wakubwa wananitazama nageuza."

"Si ujiunge."

"Kiingilio chake ni bei ya kontena na kilichomo. Halafu utafute wanachama wa kukudhamini, halafu usubiri wakupigie simu. Kuna mtu alisubiri mpaka akafa. Wakampigia siku ya arobaini."

Mudathir akaweka kikombe chini. Hapa ni vyema tumtendee haki: Mudathir wa Temeke hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Mudathir alikuwa anapewa. Alishawahi kuuza tiketi za mechi iliyochezwa jana yake, na kukodisha kwa wapangaji watatu chumba alichofukuzwa yeye. Wote walimpa kwa mikono yao, wengine na asante juu.

"Shikamooni wazee wangu," alisema akisogeza kiti. "Samahani, mie sikuwa nasikiliza, ila nimesikia. Huko mjini kumejaa. Watu wazito wanahamia Klabu ya Gofu ya Waheshimiwa, Bunju. Lakini hata nisingelisema hili, maana nafasi za waasisi zimekwisha. Zimebaki mbili, na moja ina mtu."

"Bunju kuna gofu?" Revelian aliuliza.

"Ndiyo maana bado kuna nafasi. Siku ukisikia kila mtu anajua, ujue umechelewa. Mie ndiye katibu. Juzi nimemkataa daktari bingwa."

"Kwa nini?"

"Viatu."

Revelian na Benedikto wakatazama chini ya meza, kila mtu vyake.

Mudathir alikuwa amepanga kutaja laki tano. Akaiona saa mkononi mwa Revelian, akataja milioni tatu. Revelian akakunja uso.

"Mbona rahisi hivyo?"

Hapo Mudathir akajifunza jambo ambalo vyuo vikuu havifundishi: kwa mtu aliyegeuzwa getini, bei isiyouma si bei. Akacheka kwa upole. "Mzee, hiyo ni ya kuombea tu. Kuna kiingilio chenyewe, kuna ada ya mwaka, kuna koti la kijani, kuna mchango wa nyasi." Kila alipoongeza kitu uso wa Revelian ulikunjuka, na walipofika kwenye nyasi alikuwa amekwisha agiza supu nyingine, na chai ya Mudathir ikalipwa.

Kulikuwa na tatizo dogo: klabu haikuwepo. Mudathir akapanda mpaka Bunju, akazunguka, akaona mbuga ya nyasi iliyoshuka vizuri kuelekea mkorosho mmoja, ng'ombe wanne wakila. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke wa makamo aliyeurithi uwanja ule kwa baba yake na kukataa kuwauzia madalali wote wa Barabara ya Bagamoyo.

"Nataka kuchomeka bendera kidogo, Bibi. Kuna rafiki yangu anaoa, anataka picha."

"Picha na ng'ombe?"

"Ndiyo fasheni siku hizi."

Bi Mwanakombo alipokea kilo mbili za sukari, akamtazama kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyostahili, akasema haya.

Mudathir akachimba vishimo, akazika makopo ya maziwa, akasimamisha vibendera vyekundu. Jumamosi akawaleta Revelian na Benedikto, wamevaa suruali nyeupe.

"Na huyu ng'ombe?" Benedikto aliuliza, kwa sababu ng'ombe alikuwa amesimama juu ya shimo la tatu.

"Mashine ya asili. Wenzetu Ulaya wamerudi huko, nyasi za injini zinaharibu mpira."

Revelian hakusikia. Alikuwa ameshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza maishani, akiutazama uwanja wote ule bila mlinzi wa kumgeuza. Akapiga. Mpira ulibaki palepale, likaruka bonge la udongo, na mzee yule akatabasamu kama mtoto aliyeng'oka jino. Siku hiyohiyo akalipa kila kitu, pamoja na koti.

Nafasi mbili zilizobaki zikaliwa na watu ishirini. Mawakala, wenye malori, mwalimu mkuu mstaafu, wote wameingizwa kwa siri, wote wakiambiwa ndio wa mwisho. Kila Jumamosi walipiga mipira, wakaitana waheshimiwa, wakasaidiana kutafuta kilichopotea kwenye mibigili. Na ikatokea wakaanza kupeana kazi: malori ya huyu yakabeba mizigo ya yule. Mudathir alilitazama hilo kwa wasiwasi. Watu wakipata faida mahali, huja mara nyingi, na yeye alitaka waje mpaka mwisho wa mwezi tu. Mwisho wa mwezi angepanda basi la Mwanza na fungu lake.

Ndipo alipopigiwa simu na mwanamke mmoja, sauti tulivu, akitaka wakutane Segerea.

Alimkuta kwenye mgahawa, mama mnene mwenye miwani, anakunja vitambaa vya meza. Alijitambulisha kama Mama Brightson, mwenyekiti wa umoja wa akina mama.

"Tunasikia kuna gofu Bunju," alisema. "Sie tuko ishirini. Tunataka kujiunga wote kwa mpigo."

Moyo wa Mudathir ukapiga singeli. "Nafasi zimekwisha, mama. Lakini kwa akina mama naweza kuzungumza na bodi."

"Zungumza nayo. Tena tutalipa mara mbili ya wanaume, tusije tukadharauliwa. Ila sie wanawake tunaogopa, baba. Tumeshaingizwa mjini mara nyingi. Tunataka kuona mkataba wa uwanja, wa miaka kumi, umelipiwa kwa mwenyewe. Tunataka nyasi zikatwe na mashine, si ng'ombe. Na choo. Mwanamke mtu mzima hawezi kwenda kichakani na glavu nyeupe."

"Mama, hayo yote yapo kwenye mpango."

"Basi yakitoka kwenye mpango yakakaa juu ya ardhi, nipigie. Hela iko tayari."

Mudathir alitoka pale akipiga hesabu kichwani, na kila alivyoizungusha ilitoka tamu. Alichonacho ni cha wanaume ishirini. Akikitoa, kitarudi na watoto wawili. Kuna mvuvi gani anayelilia chambo?

Akaenda kwa Bi Mwanakombo na kusema kweli nusu: anataka kukodi. Bi Mwanakombo, ambaye miaka yote alikataa madalali, safari hii alikubali upesi ajabu, akataja bei ya kuchoma, akataka ilipwe yote mbele ya mjumbe wa mtaa. "Andika jina la klabu," alimwambia. "Mie sikodishii mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kuhama." Mudathir akaandika jina la klabu. Akanunua mashine. Akajenga choo cha matundu mawili, vigae ndani, na banda la makuti lenye meza ndefu. Fundi alipodai nyongeza ya bomba, alitoa hata nauli ya Mwanza.

Jumamosi iliyofuata wakaja, akina mama ishirini, sare ya kitenge, masufuria ya pilau vichwani. Wanaume nao walikuwepo. Mudathir akajipanga mlangoni mwa banda, koti la kijani limepigwa pasi, mkoba mtupu mkononi.

"Karibuni wanachama wapya," alisema.

"Asante, tumekaribia," Mama Brightson alijibu, akampita, akamwendea Revelian na kumfuta udongo shavuni. "Baba Brightson, leo umeupiga mpira au umelima?"

Mudathir akageuka. Mama mwingine alikuwa anamvika Benedikto kofia. Mwingine anamgombeza mwalimu mkuu kwa kusahau dawa. Mmoja kwa mmoja, ishirini kwa ishirini, kila kitenge kilikwenda kwa suruali yake nyeupe.

Mama Brightson, jina lake Auleria, alirudi na kusimama kando yake kama wanaosubiri mvua ikatike.

"Nilimkuta anapiga mpira sebuleni na mpini wa fagio," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaja huku mwenyewe. Bi Mwanakombo akaniambia habari ya harusi. Ningeweza kukupeleka polisi."

"Kwa nini hukunipeleka?"

"Ningekupeleka, mume wangu angesimama mahakamani aseme alilipia mchango wa nyasi za ng'ombe. Miaka mitano sijamwona akicheka vile. Na hela ulishaificha. Nikaona bora itoke yenyewe."

Mudathir alitazama vigae vya choo vinavyometa juani. Hakuwahi kupigwa hivi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona mahali pa kulalamikia. Alikuwa ametoa kwa mikono yake.

Revelian akagonga meza. Hakujua lolote, wala hajui mpaka leo. "Waheshimiwa, watu walininong'oneza kwamba tumeliwa. Leo tazameni. Mkataba, mashine, choo. Katibu ametumia kila senti. Mtu mwaminifu kama huyu Dar hii hamtampata." Wakapiga makofi. Mudathir akainama kidogo, maana hakuna la kufanya mbele ya makofi.

"Lakini amechoka," Auleria akaongeza. "Napendekeza apumzike ukatibu. Mama Asifiwe ni mhasibu, ashike yeye." Mikono ikanyooka yote. Koti la kijani, kwa kuwa ni mali ya ofisi, likavuliwa kwa heshima na kuvikwa Mama Asifiwe, likamkaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Harufu ya pilau ikamfuata hata pale alipojitenga kivulini. Tangu asubuhi alikuwa hajala, akitunza njaa kwa ajili ya sherehe yake. Mwishowe akachukua sahani, akapanga mstari. Aliyekuwa anapakua alikuwa Bi Mwanakombo mwenyewe, mwiko mkononi.

"Mwanachama au mgeni?"

"Bibi, mie si unanijua."

"Nakujua sana. Wanachama bure, wageni wanalipia. Ndio utaratibu."

"Na uanachama ni bei gani?"

Mama Asifiwe, katibu mpya, akamtajia: ya kuombea, kiingilio, ada ya mwaka, koti, nyasi. Mudathir alisikiliza mpaka mwisho, sahani mkononi, na kwa mara ya kwanza akaisikia bei ile kama wanavyoisikia wengine.

"Huu ni wizi," alisema, na alisema kutoka moyoni.

Kisha akapekua mfuko wa suruali, akatoa nauli yake ya kurudia Temeke, akalipia sahani moja ya pilau, ya mgeni, bila nyama.