Kamsa ya Mtoni

Jumatatu, Februari 3

Chande yuko Garsen! Chande mwenyewe, wa gitaa na vitisho. Amefikia gesti ya karibu na stendi, na asubuhi alikuwa hotelini kwa Shangazi Qabale akila mahamri na maharagwe kama binadamu.

Nimeandika "kama binadamu" kwa sababu nilidhani hali chakula. Kwenye picha za bendi yake amepakwa masizi machoni na nywele zimefika mgongoni. Masizi hakuwa nayo. Nywele ni za kweli. Shangazi akaninong'oneza, yule ameweka nadhiri ya kutonyoa au anaumwa? Nikamweleza kwamba ni mwanamuziki wa roki, mzaliwa wa Ngao, ambaye siku hizi anatunga muziki wa filamu za kutisha, anaziongoza mwenyewe, na anaandika vitabu vya hadithi za kutisha. Shangazi akasema mtu mwenye kazi tatu hana hata moja.

Kitabu chake nilikisoma kidato cha tatu, nimekificha ndani ya kitabu cha Bayolojia. Ndiyo maana matokeo yangu ya Bayolojia hayatajwi nyumbani.

Amekuja kupiga filamu. Gitaa limezama mtoni, linalia chini ya maji, na kila anayelisikia anaingia majini mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mpiga kamera wake kwamba roki na vitisho ni kazi moja: kumshika mtu kifuani kabla akili yake haijafika. Kelele si kitu, alisema. Kitu ni kile kimya kabla ya kelele. Halafu akasema jambo lililonigandisha na birika mkononi. Anatafuta msichana wa hapa mwenye kamsa ya kweli, yowe la kuomba msaada. Sauti tu. Sura haitaonekana.

Sauti tu! Kazi ya filamu ambayo mtu hakuoni! Kazi hii iliumbwa nikiangaliwa mimi.

Nikaenda mezani kumwambia. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Chai?" Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Nikamimina hivyo hivyo.

Jumanne, Februari 4

Majaribio ya sauti ni Ijumaa. Na Florence anakuja.

Florence wa Ngao, tuliyekaa naye dawati moja. Anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani kwao. Leo aliingia hotelini, akamshika Chande mkono na kumwita Kaka Chande, kana kwamba wamekula sahani moja tangu utotoni. Chande akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni.

Akanikuta huko. Akauliza kama nami najaribu. Mimi? Astaghfirullah! Akasema ndivyo alivyodhani, maana darasani hata kuitikia jina langu mwalimu alikuwa akiniita mara mbili, kisha yeye Florence ananiitikia.

Kweli. Lakini haikuwa lazima aseme mbele ya sufuria zote.

Lazima nifanye mazoezi. Nilijaribu ndani ya mto wa kulalia. Ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Mama, upande wa pili wa bati, akauliza nani amemfungulia yule beberu.

Jumatano, Februari 5

Leo mpango wa akili: soko la mifugo. Kelele yote ile, nani atanisikia? Nikasimama katikati ya mbuzi wa Baba, nikafumba macho, nikapiga. Mnunuzi mmoja akadhani nataja bei. Akaudhika. Akamwambia Baba, "Mzee Mahadi, mfundishe binti yako adabu ya soko." Baba akaniangalia kwa huruma, akasema jua limenipata, niende nyumbani nikanywe maji.

Niliondoka kichwa chini. Ila njiani nimepata wazo. Mtoni! Adhuhuri, watu wote wakiwa wamejilaza. Hakuna bati, hakuna Mama, hakuna bei.

Alhamisi, Februari 6

Nina aibu hata ya kushika kalamu.

Nilikwenda adhuhuri, kwenye matete chini ya kivuko cha Nuhu mvushaji. Mtumbwi umefungwa, Nuhu hayupo. Nilifikiria mamba, sikatai. Niliyatazama maji kwa makini nisije nikaliwa.

Sikufikiria watu.

Nikafuata mafunzo ya Chande. Kimya kwanza. Kirefu. Kisha nikapiga kamsa.

Subhanallah. Sikujua ninayo! Ndege wote waliruka matetini. Nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Hapa kwetu kamsa ya mtoni ina maana moja tu: mamba ameshika mtu. Anayeisikia haulizi. Anakimbia na chochote alichoshika. Asiyekimbia, siku yake ikifika hatakimbiliwa. Hili analijua hata mtoto anayetambaa.

Walikuja. Nuhu na upondo wake wa kusukumia mtumbwi. Wafugaji na mikuki, wakulima na mapanga. Kinyozi na wembe wake, na mteja wake mwenye povu upande mmoja wa uso. Mwalimu wa madrasa na chuo kizima nyuma yake. Shangazi na mwiko wa ugali. Mzee Boru jirani yetu, ambaye haendi hata msikitini bila mkongojo, alikuja bila mkongojo, akateleza kwenye tope, mguu ukateguka. Na nyuma kabisa Mama, bila viatu, akiita jina langu, kwa sababu ni mimi pekee nisiyekuwa nyumbani.

Wakanizunguka. Yuko wapi? Nani? Mamba, binti! Mamba yuko wapi?

Ukweli ulikuwa mdomoni, wallahi. Lakini macho yote yale, yote kwangu! Nikanyoosha kidole majini. Nikasema, "Kule."

Ijumaa, Februari 7

Majaribio hayakufanyika. Chifu amefunga mto. Hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kunywesha ng'ombe pale, hakuna kuvuka. Na hakuna filamu. Nimejifungia mlango niliotaka kuupita, na ufunguo nimeutupa ndani.

Vijana wanamtafuta mamba wangu kwa mikuki. Kila saa anakuja mtu kuniuliza ukubwa wake. Kila nikiulizwa anakua. Mmoja akauliza kama mkia umekatika, maana anamjua mmoja wa hivyo. Nikasema ndiyo, huyo huyo. Sasa ana sifa zake kabisa. Watoto wamempa jina.

Mama amekwenda kisima cha mbali kuteka maji. Amerudi ameshika shingo. Akasema nisiguse mtungi, nipumzike, nimetishika.

Baba anataka kuchinja. Sadaka, kwa kuwa nimenusurika. Nilimwambia si lazima. Akasema ni unyenyekevu wangu.

Jumamosi, Februari 8

Sadaka. Beberu aliyekuwa aende sokoni. Dua ndefu. Mzee Boru aliletwa kwa mkokoteni, mguu umefungwa kitambaa, akasema mguu hupona, binti aliyeliwa harudi. Baba alilia. Sijawahi kumwona Baba akilia. Nikapewa ini, kipande cha heshima. Kila mtu alingoja nilile. Nililila.

Kisha akaja Chande, na Florence nyuma yake.

Chande akasema aliisikia kamsa yangu akiwa gesti. Miaka yote amepiga mayowe jukwaani kwa ajili ya mkate wake, hajawahi kusikia kitu kama kile. Akili yake haikufika kabisa. Mpiga kamera akadakia kwamba miguu ilifika: walimkuta Chande juu ya tangi la maji, na kumshusha ilikuwa kazi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nangoja. Sema, Kaka Chande. Sema unanitaka!

Akasema hicho ndicho kinachomzuia kuniomba. Hofu ya kweli ya mtu aliyeona kifo haifanywi mchezo wa filamu. Ananiheshimu mno. Atamchukua Florence, mto ukifunguliwa.

Florence akanikumbatia, akalia begani kwangu. Akasema atapiga kamsa ile kwa niaba yangu.

Darasani aliniitikia jina. Sasa ananililia.

Jumapili, Februari 9

Mpango wa kurekebisha kila kitu bila kusema chochote. Nilikwenda kwa chifu nikamwambia nimemwona mamba akiondoka, anateremka na maji, mkia umekatika, hana haraka. Hatarudi. Mto ufunguliwe.

Chifu akanishukuru kwa ujasiri. Akapiga simu kwa machifu wenzake wa chini ya mto. Sasa Ngao wamefunga mto. Golbanti wamefunga mto. Watu wana mashamba ng'ambo na nyani wanayavuna. Mama yake Florence ni mmoja wao.

Na Chande ameanza kupanga vyombo vyake. Anasema hawezi kungoja mamba mmoja ahame wilaya.

Jumatatu, Februari 10

Nimesema.

Mama alirudi kutoka kisimani, akatua mtungi, akasema maji haya nioge mimi kwanza. Nikashindwa. Nikasema yote kwa mkupuo, nikiangalia kizibo cha mtungi. Hakuna mamba. Hakukuwa na mamba. Nilikuwa najaribu sauti.

Mama alikaa chini. Halafu akasema, "Nilikimbia bila viatu, Abdia."

Afadhali angenipiga.

Baba akaambiwa. Baba akawaambia wazee, yeye mwenyewe, amesimama, na beberu bado yuko matumboni mwao. Sikujua kama aibu yangu inaweza kuvaliwa na mtu mwingine. Ilimkaa vibaya.

Wazee wakaamua. Si kiboko. Nipite kila nyumba iliyoitikia kamsa, nibishe hodi, niseme kwa kinywa changu. Mimi! Nyumba zote! Niliuliza kama naweza kutuma sauti kwa simu. Hapana.

Jumatano, Februari 12

Nimepita.

Kinyozi aliuliza kama mamba angependa kunyoa, amuwekee nafasi. Mwalimu wa madrasa aliwaita watoto watoke wasikilize. Wakaniuliza kwa pamoja mkia ulikatikaje. Nuhu alikuwa kivukoni, mto umeshafunguliwa, abiria wamejaa mtumbwini. Niliposema samahani akaweka mkono sikioni. "Sisikii, dada. Ile sauti ya juzi umeiacha wapi?" Abiria walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nikarudia. Nikarudia tena.

Mzee Boru nilimwacha wa mwisho. Alikuwa kitandani, mguu juu ya gunia. Nilitayarisha maneno, yakapotea. Akanisaidia. Akasema nikipiga tena atakuja tena, ila safari hii nimpe muda kidogo.

Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Heri kejeli za Nuhu.

Wakati nikibisha hodi kwa watu, wenzangu walikuwa wakipiga filamu. Chifu alitangaza kwa kipaza sauti asubuhi yote kwamba kamsa itakayosikika ni ya kuigiza. Watu wakaja na vigoda. Florence akapiga. Mpiga kamera amenionyesha. Ilianza chini, ikapanda ngazi kwa ngazi, mwishoni ikatetemeka vizuri sana. Watu wakapiga makofi. Karibu niitikie amina.

Chande aliniita pembeni. Akasema koo langu ni la dhahabu, lakini yeye anafanya kazi na watu wanaotangaza kwanza. Nikasema ndiyo. Kwa sauti ndogo. Akasema naye ana aibu yake, ya tangi, na kwamba hadithi zote alizoandika kuhusu ushujaa atazisoma upya. Alisema kwa upole. Nilitamani ardhi inimeze, na Chande asione.

Ijumaa, Februari 14

Chande ameondoka. Mama anaongea nami tena. Jana alinituma chumvi. Baba hajaanza.

Nimejifunza mengi na nimeapa. Kamsa ni amana ya watu. Sitapiga tena mtoni maisha yangu yote, hata nikishikwa na mamba mwenyewe nitafikiria kwanza.

Leo hata hivyo nimeona tangazo la Chande kwenye simu ya Shangazi. Hadithi yake ijayo ni ya mtu anayegeuka fisi, na anatafuta sauti ya fisi anayecheka. Sauti tu!

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, kama mtu mzima. Mtoni siendi. Kamsa sipigi. Hakuna atakayesumbuliwa wala kudanganywa, kwa sababu simwambii mtu yeyote. Kesho jioni, mbuzi wakirudi malishoni, nitachutama nyuma ya zizi la Baba na kucheka kifisi. Mbuzi ndio watakaonipa maksi. Wakitulia, nitaongeza sauti.