Seti ya Pampu Imefikia Asilimia Tisini na Moja

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Ndugu Katibu wa Tawi. Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, mliofika na mliotoa udhuru. Ndugu Chrispin, mwalimu mkuu wa shule yetu ambayo itajengwa. Ndugu Ignas, kamanda wa mgambo, pamoja na vijana wako sita wenye majembe. Ndugu Vallabhdas, mfanyabiashara wa Singida mjini, uliyekubali kufunga duka ili uje ushuhudie historia. Ndugu Redempta, Mwenyekiti wa Akina Mama, uliyesimama hapa kando yangu na jagi. Wazee wangu, shikamooni. Wananchi wote wa Kijiji cha Ujamaa cha Mwanzo Mpya. Na ng'ombe, ambao naarifiwa wamekuja wenyewe baada ya kusikia habari ya maji. (Makofi. Ng'ombe wanalia.)

Kwa faida ya wageni, mimi ni Mselemu Kudra, Afisa Mratibu wa Maji, Makazi na Mengineyo. Kabla sijasema lolote, naomba maji. (Ndugu Redempta anammiminia. Anamaliza glasi nzima.) Ahsante. Mila yenu ya huku naifahamu vizuri: mgeni hunyweshwa kwanza, na mpaka akate kiu haulizwi jambo wala haambiwi jambo. Ni mila nzuri sana kwa mtu mwenye hotuba ndefu. (Kicheko kidogo upande wa mabalozi.)

Ndugu zangu, mtakumbuka kwamba mwaka jana, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, nilisimama juu ya boneti ya gari hili hili, kule kwenye makazi yenu ya zamani nyuma ya kilima, ambayo sasa kwa lugha ya ofisi tunayaita mahame, nikawaambia hameni. Mkaniuliza, huko tuendako kuna maji? Nikawajibu kwa sauti ambayo wengine wanasema ilisikika mpaka Mtinko: kutakuwa na seti ya pampu. Mkang'oa milango, mkabeba vitanda, mkaja. Leo nimekuja kutoa taarifa ya utekelezaji. (Makofi marefu. Akina mama wanapiga vigelegele na kugonga madebe matupu.)

Sasa, katika kutekeleza mradi huu, Serikali haikutaka kukurupuka. Nilipelekwa kwenye semina ya wiki sita, nikalala kitanda chenye neti, nikala mayai kila asubuhi kwa niaba yenu, na huko nikakabidhiwa kamusi ya Kiingereza nene kuliko tofali. Nikaona, haiwezekani mratibu mzima awaletee wananchi seti ya pampu bila kujua seti ni nini. Nikafungua ukurasa. Ndugu wananchi, nilishtuka. Neno hili dogo, ambalo Mwingereza analitamka kama mtu anayefukuza kuku, lina maana nyingi kiasi kwamba ukurasa uliisha nikafungua mwingine, nao ukaisha. Kwa uchache wa muda wa semina nilichambua maana kumi na mbili tu. (Anatoa karatasi. Anaomba maji. Anakunywa.) Maji matamu haya, jamani.

Maana ya kwanza ni vikombe. Mwingereza akiwa na vikombe sita vinavyofanana, na visahani vyake, na birika lake, hiyo kwake ni seti. Mnaiona hapa mezani, imetoka dukani kwa Ndugu Vallabhdas, birika limekatika mdomo lakini linamimina. Imetekelezwa. (Makofi.) Halafu kuna redio, redio nayo ni seti, ipo ofisini kwangu, inasema mpaka saa nne usiku. Imetekelezwa. Kuunda kamati, hiyo pia wanatumia neno hilo hilo, na kamati tumeunda tatu, ya tatu ikiwa ni ya kutafuta zilikokwenda mbili za mwanzo. Kupanga tarehe: sherehe hii tumeipangia tarehe mara nne, kwa hiyo hapo tumevuka lengo.

Jua likizama, Mwingereza anatumia neno hilo. Nimefuatilia mimi mwenyewe, tangu mradi uanze halijakosa hata siku moja. (Makofi ya Mwalimu Chrispin peke yake.) Na saruji ikiwa ngumu, ni neno hilo hilo: ile mifuko arobaini ya kujengea mnara wa tangi ilinyeshewa masika ikiwa stoo, na ninavyozungumza nanyi imeshakuwa ngumu kabisa, ndani ya mifuko yake, bila kutumia fundi hata mmoja. Ukame ukiingia, kuandaa meza, kutunga mtihani, kuanza safari, kuonyesha mfano mwema, vyote hivyo ni seti, na vyote vimefanyika, hasa huo wa ukame. Ukihesabu vizuri utaona kwamba kati ya maana kumi na mbili, kumi na moja zimekamilika. Hiyo ni asilimia tisini na moja na ushei, na hakuna kijiji kutoka hapa hadi Kinyangiri kilichofikia kiwango hicho.

(Mzee Manase, mfugaji, anasimama na fimbo yake: "Ndugu Mratibu, maana iliyobaki ni ipi?")

Iliyobaki, mzee wangu, ni pampu.

(Mzee Manase: "Na ng'ombe wangu watakunywa maana ya ngapi?" Kicheko kirefu. Mwenyekiti wa Kijiji anamwomba mzee akae.)

Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. Naomba maji. (Anakunywa glasi ya tatu, kisha ya nne.) Ndugu zangu, nikinywa maji haya naona fahari, maana haya ndiyo matunda ya mradi wenyewe. Na kwa kuwa kijiji kimeshafikia asilimia tisini na moja, ofisi imeona hakuna tena sababu ya watu kwenda na kurudi kwenye kisima cha mahame, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu, jambo linalovuruga takwimu. Kwa hiyo leo saa nane mchana, Ndugu Ignas na vijana wake sita watakwenda kukifukia kisima kile moja kwa moja. (Mama mmoja anajishika kichwa. Vijana wa mgambo wanatazama chini.) Nafurahi kuona mmepokea kwa utulivu. Ndugu Redempta, niongeze kidogo.

(Ndugu Redempta anamimina maji yote yaliyobaki, anageuza jagi juu chini. "Ndugu Mratibu, sasa umekata kiu?"

"Nimekata kabisa, mama."

"Basi mila inaniruhusu niseme. Maji hayo nimeyachota mahameni, kwenye kisima hicho hicho. Nimetoka alfajiri na debe kichwani. Hapa kijijini hakuna hata tone. Watoto wanashinda na midomo mikavu. Mkikifukia, tumekufa." Hakuna anayepiga makofi. Dereva Samweli anapanda jukwaani mbio, ananong'ona sikioni mwa Mratibu kwa muda mrefu.)

Ahem. Nimepokea taarifa ya kiufundi. Dereva wangu ananijulisha kwamba gari lilichemka njiani, rejeta imebaki kavu, na bila debe moja la maji hatutoki hapa leo, wala kesho. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, na baada ya kutafakari kwa kina hali ya wananchi, natamka kwamba kisima cha mahame hakifukiwi. (Vigelegele. Ndugu Redempta anakaa chini, anajifuta machozi kwa kanga.)

Ahsanteni. Nimalizie kwa kushukuru. Nawashukuru mafundi wa pampu, ambao hawajapata kuajiriwa. Naishukuru pampu yenyewe, ambayo haijapata kuagizwa. Namshukuru Ndugu Vallabhdas kwa pipa lake tupu, lile lililofunikwa kitenge pale mbele, ambalo ningelizindua kama isingekuwa anataka kurudi nalo jioni. Na zaidi ya wote namshukuru Ndugu Redempta, ambaye mradi wote wa maji wa kijiji hiki, nimeuona leo, ulikuwa kichwani kwake. Maendeleo, juu! (Mwalimu Chrispin: "Juu!") Uzembe, chini! (Wote, kwa sauti kubwa sana: "Chini!")

Ndugu Ignas, vijana waweke majembe, wachukue madebe, wamfuate mama huyu. Mimi nitawangoja hapa kivulini.

(Ndugu Redempta anatangulia. Mgambo wanamfuata, kisha akina mama, kisha ng'ombe, kisha kijiji kizima kinainuka.)

Naona wote mnakwenda kunichotea maji. Nimeguswa sana na moyo huo wa kujitolea. Lakini Mzee Manase, hebu simama kidogo, mzee wangu: hicho kitanda ulichobeba ni cha nini? Na huo mlango?