Unga Laini wa Tarumbeta

Jumatatu, 1 Aprili 1974
Mbalizi. Dawa ya kung'arishia shaba hakuna, hata Mbeya mjini. Nimebuni yangu! Plati za madini ya risasi za betri kuukuu ya lori, nimesaga, nimechekecha kwa kilemba cha hariri cha mke wangu Sekela. Laini kama moshi. Mzee Eliezeri, kiongozi wa bendi ya kanisa, kasema tarumbeta zote saba ziking'aa, mimi ndiye nitakayeanza kupiga makaburini alfajiri ya Pasaka. Si Lutengano, mpigaji mwenzangu! Yeye kafundishwa Iringa. Mimi nilijifundisha kwa kupuliza mpira wa maji. Mama yangu kalala pale. Hakuwahi kunisikia.

Alhamisi, 4 Aprili
Tarumbeta nne tayari. Unga umejaa hewani. Mlango nimefunga, Lutengano asiibe ujuzi. Sikio linapiga mluzi. Sekela kasema kitu. Nikamjibu siwezi kupona, sikuugua. Kumbe alisema ugali umepoa.

Jumatatu, 8 Aprili
Nesi Regina kaniambia, kwa kunipigia kelele, kwamba vumbi la risasi huingia kwenye damu na kula mishipa ya masikio. Niache leo leo. Zimebaki tarumbeta mbili! Halafu mluzi wenyewe haupandi wala haushuki. Kinanda cha kanisa hulegea kwa baridi. Sikio langu halilegei.

Ijumaa Kuu
Mazoezi. Saba zinang'aa. Nimeagiza wote wafuate mluzi wa sikio langu, si kinanda. Lutengano kaniuliza sikioni, Fundi, tukufuate au tukuzibe? Wamecheka, nimeona meno. Mzee Eliezeri kasema, karibu kabisa na uso wangu, kwamba ameshaahidi, Mungu atusaidie.

Jumapili ya Pasaka
Ukungu. Nimepiga! Mashavu ya wenzangu yakafura, yakanywea. Sikusikia kitu, ila mluzi. Nikazidi kupiga. Sekela akainama, akaandika kwa kidole juu ya udongo wa kaburi la mama: BASI. Lutengano akachukua nafasi yangu. Watu walilia. Sijui alipiga wimbo gani.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimeona kosa. Unga ulikuwa mzito, umekwama sikioni. Nikisaga tena, mara mbili, utaingia sikio hili, utatokea lile, utoke na mluzi wote. Sekela amesimama mlangoni, midomo inacheza, machozi yanamtoka. Furaha, bila shaka. Nimefunga mlango, unga usipotee.